Mplamu Uliokula Barafu

Siku mliponiaga, nyinyi vijana niliowafundisha kazi, pale nyuma ya stoo ya wilbaro, mkanipa leso ambayo jina lake sitalitaja kwa kuwa aliyeichagua anajijua, mmoja wenu alisema, "Bi Mwanamisi, tuandikie mambo ya kazi, tusije tukapotea." Haya, nimeandika. Sikuandika nililipwa nini wala nilipandishwa cheo lini, kwa sababu la kwanza linatia uchungu na la pili halikutokea. Nimeandika mliyoyataka: kazi ya kutunza bustani za watu wa mjini waliokuja kukaa Diani, na namna ya kutoka humo ukiwa na akili zako.

Nilianzia hotelini. Tangazo lililobandikwa langoni lilisema wanatafuta shamba boi. Mlinzi alinitazama mimi na leso zangu mbili, akasema, "Mama, hapa wanataka boi." Nikamwambia, "Basi niandike boi." Akaniandika, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kunifuta, nilibaki boi nikazaa, nikaozesha, nikawa boi mwenye wajukuu.

Aliyenipokea ni Mzee Bakari, mkuu wa bustani, mtu mfupi aliyevaa kofia ya kazi juu ya kofia ya mswalani. Alinipa reki iliyopungua meno akaniweka chini ya mti wa mkungu. Nikifagia upande huu, upande ule unamwaga majani. Kutwa nzima nilifagia, na jua lilipoinama akaja kuniuliza nimejifunza nini. Nikasema nimejifunza kuwa majani hayaishi. Akasema, "Basi kesho njoo, wengine huwa wanarudi kwao wakidhani yataisha."

Mzee Bakari ndiye aliyenifundisha kushika mkasi wa kupogolea, kuufuta kwa kitambaa chenye mafuta kabla ya kuuweka, na kutomwagilia mmea saa ya jua kali hata tajiri akipiga kelele. Lakini mambo yake makubwa yalikuwa mawili. La kwanza, ukiitwa kwenye bustani mpya usianze kuangalia mimea, anza kumwangalia mwenyewe. La pili alilisema kwa ukali, kama mtu anayeapisha. "Mmea usiusingizie jina. Hauna mdomo wa kujitetea." Nililishika hilo la pili mpaka likaniponza.

Niliingia kwenye majumba ya watu binafsi wakati watu wa Nairobi walipoanza kununua viwanja huku. Na hapo ndipo nilipoelewa lile la kwanza. Mtu wa mjini akijenga, nyumba anachorewa na mwenye elimu yake, sofa anachaguliwa na mkewe, rangi ya ukuta anaiga kwa rafiki. Bustani peke yake ndiyo anayoisimamia mwenyewe, kwa kuwa anaamini haihitaji kujua chochote. Kwa hiyo humo ndimo anamojionyesha mzima, bila nguo.

Nilifanya kazi kwa wakili mmoja aliyetaka kila kitu kinyooke. Ua wake tuliukata kwa uzi na pimamaji, kama tunajenga ukuta. Bogenvilia aliitaka iwe na pembe nne. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya mnazi uliokuwa umeinamia baharini tangu kabla yeye hajajua kama Diani ipo, akaniuliza umeinama kwa idhini ya nani. Aliufunga kamba nene akaivutia kwenye nguzo. Kamba ilioza ikadondoka. Mnazi sikuuona ukishtuka.

Kisha nikaenda kwa mwenye maduka aliyetandika nyasi za plastiki mbele na nyuma. Kazi yangu ilikuwa kuzimwagilia maji kila adhuhuri ili wageni wasiungue nyayo. Mbuzi wa jirani waliingia siku moja, wakanusa, wakatoka wenyewe bila kufukuzwa. Basi Jumapili moja akaleta wageni wakubwawakubwa, akawaambia hizi ni nyasi za ng'ambo, aina adimu, hazikatwi wala hazikauki. Halafu akanigeukia. "Si ndiyo, mama?" Nikasema, "Ni zulia, baba." Kufikia wakati wageni walipomaliza chai, mimi nilikuwa barabarani na mkoba wangu. Sikujuta hata kidogo. Nilijisifu kwa kila aliyenisikiliza kuwa sijawahi kudanganya jina la mmea, hata ule ambao si mmea.

Nilikaa nikiuza viazi karai karibu na Kona ya Musa, ndipo nikasikia kuna mwalimu mkuu mstaafu kutoka Limuru anayetafuta mtu wa bustani. Huyu ndiye ninayetaka kuwaeleza, hao wengine nimewataja ili mcheke kwanza.

Mwalimu Nyambura alinipokea mlangoni amevaa sweta. Diani, saa nne asubuhi, sweta. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na kabla sijamaliza kumwamkia alikwisha kunikosoa nilivyoshika jembe. Bustani yake ilikuwa shule. Mimea mifupi mbele, mirefu nyuma, kila mmoja na kibao chake chenye jina alichokiandika kwa rangi nyeupe, kwa mwandiko ule wa ubaoni. Waridi, peasi, stroberi, kabichi za mapambo, nyasi za bara. Aliipitia kila asubuhi mikono nyuma na kuipa alama. "Wewe, tatu kwa kumi. Jitahidi." Uliokufa hakusema umekufa, alisema umetoroka.

Na ilitoroka kwelikweli. Udongo wetu ni mchanga na matumbawe, jua letu mnalijua, na upepo una chumvi. Nilimwambia siku ile ya kwanza kuwa madarasa mawili ya nyuma hayatafika mwisho wa muhula. Akanijibu, "Mwanamisi, nimefundisha watoto walioambiwa hivyohivyo." Nikaokota jembe nikaenda kuchimba.

Katikati ya shule hiyo ulisimama mplamu, mti wa matunda ya bara yaitwayo plamu. Nyumba ile Mwalimu na mumewe waliijenga wote wawili kwa ajili ya uzee, na mume akafariki kabla ya kulala humo. Mplamu huo mume ndiye aliyeuotesha, kutoka kokwa, kule Limuru. Ulisafirishwa mpaka Diani ndani ya debe, umekaa kiti cha mbele cha gari, umefungwa mkanda, na mwanawe Kamau amekaa nyuma na mabegi. Hayo alinieleza Kamau mwenyewe, na hakuwa ameyasahau.

Kamau alikuwa kijana mwenye adabu, kijana nikimaanisha mtu wa makamo aliyeanza kitambi, na simu zake mbili. Siku moja alikuja wakaketi barazani, mimi nikiwa hapo chini napalilia. Akasema, "Mathe, huku huna mtu. Hujui jirani hata mmoja. Ukianguka bafuni, nani atajua? Twende Nairobi. Fleti iko, lifti iko."

"Nina bustani," akasema Mwalimu.

"Bustani gani na kila kitu kinadedi?"

Mwalimu alivua miwani. Nilifikiri atamchapa. Akaunyooshea kidole mplamu. "Mti wa baba yako ukichanua hapa, nitabaki, na hutaniambia tena habari za lifti. Usipochanua kufikia Desemba, nitafunga mizigo mwenyewe, na hutanisikia nikilia."

Kamau akakubali upesi, kwa sababu alikuwa amekwisha kuutazama mplamu.

Kuanzia siku hiyo nilijua kuwa mama huyu ameuweka uzee wake wote juu ya mti usioweza kuishi kwetu. Nilimweleza wazi. Akasema amesoma, na plamu haichanui mpaka ilale kwenye baridi kwa kipindi. Limuru baridi inakuja yenyewe mwezi wa saba. Huku itabidi iletwe.

Ikaletwa. Kila asubuhi Salimu wa bodaboda alinipeleka kwa wauza samaki Ukunda, nikarudi na gunia la barafu limefungwa nyuma linachuruzika. Siku ya kwanza aliniuliza, "Bi Mwanamisi, na samaki wenyewe wako wapi?" Nikamwambia hakuna samaki, kuna mti unasikia joto. Ilibidi asimamishe pikipiki pembeni ya barabara ili acheke vizuri. Tulichimba mtaro kuuzunguka mplamu, tukajaza barafu, Mwalimu akaifunika kwa blanketi kuukuu ili mti, alivyosema, usishtukie. Barafu ya samaki ina magamba yake na maji yake ya samaki. Haikuchukua muda paka wote wa Diani wakahamia pale. Walikaa mduara kuuzunguka mplamu kama wanaosubiri mkutano uanze, naye Mwalimu anawaamrisha kwa rula watoke nje ya darasa.

Hilo la paka lilikuwa dogo. Kwetu mtu akionekana kila asubuhi anafukia kitu chini ya mti halafu anafunika kwa blanketi, watu hawaulizi ni mbolea ya aina gani. Jirani yetu upande wa pili wa ua alikuwa Bi Mwanasha, mwenyeji wa pale, mtu wa dini na mkarimu. Aliniita pembeni. "Dada, huyo mama afukia nini?"

"Barafu."

"Barafu ya nini?"

"Mti wasikia joto."

Alinitazama kwa huruma, mimi zaidi ya Mwalimu. "Mungu amsitiri," akasema, na tangu hapo mtoto wake hakutumwa tena kupitia kwetu. Kwa hiyo Kamau alikuwa na haki. Mamake hakuwa na jirani, na ule mti aliouwekea matumaini ndio uliokuwa ukiwafukuza.

Mimi nilichokuwa nikikihurumia ni yale maji. Barafu ikiyeyuka, maji yasiyo na chumvi yanateremka bure mchangani, na sisi huku kisima kikikauka tunaosha uso kwa kikombe. Nikamwomba Bi Mwanasha kipande cha mwasumini wake, nikakichomeka ukingoni mwa mtaro. Mwalimu alikiona asubuhi ileile.

"Huyu nani? Hakuandikishwa."

"Ni wa jirani, Mwalimu. Anasikiliza tu."

Aliutazama sana. "Akipiga kelele, atoke," akasema. Hakuupa kibao, lakini hakuung'oa. Na ule mwasumini, kwa maji baridi na magamba ya samaki, ukapanda kama uliokuwa umesubiri maisha yake yote. Wake wa Bi Mwanasha upande wa pili ulikufa kwa kiangazi. Wetu ukaukumbatia mplamu shina mpaka tawi.

Mvua zilipopita, mplamu ukapukutisha majani yote. Mwalimu alitoka mbio kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Umelala! Mwanamisi, umelala!" Nikaukwangua gome kwa ukucha. Ndani pakavu, rangi ya kuni. Nikakwangua tawi jingine, na jingine.

"Haujalala, Mwalimu," nikasema.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakunikosoa ndoo imewekwa vibaya wala reki iko wapi. Nilimhurumia mpaka nikamkasirikia, yeye na Limuru yake na kokwa zake, na Mzee Bakari pia, aliyenifundisha kusema kweli bila kunifundisha nikae wapi baada ya kuisema. Baadaye akasema, "Usiukate." Barafu hakuagiza tena. Asubuhi hakutoka kutoa alama. Nikaanza kuona makatoni barazani, yamefungwa kwa utepe wa gundi na kuandikwa kwa mwandiko ule wa ubaoni: vyombo, vitabu, vya baba Kamau.

Desemba ilikuwa mlangoni tulipobishiwa hodi. Ni Bi Mwanasha, amevaa buibui lake jema, amesimama mbali na mti kadiri adabu ilivyomruhusu. Binti yake anaolewa. Alikuwa amezunguka mtaa mzima akitafuta asumini za vikuba, vile vifungu vya maua vya kuvaa biarusi na wanawake wa arusi, na hakupata. Kila ua alioujua zamani siku hizi umewekwa matofali ya kuegeshea gari. Mwasumini wetu juu ya mplamu mkavu ndio peke yake uliobaki mweupe.

"Samahani, mama," akasema Mwalimu. "Maua yangu hayachumwi. Yanaangaliwa."

"Mwalimu, asumini haiangaliwi." Bi Mwanasha alisahau kuogopa. "Hii ichumwe alasiri ingali imefumba. Yafumbuka jioni ikiwa kichwani kwa mtu. Ukiiacha mtini, asubuhi iko chini yageuka kahawia."

Mwalimu alinigeukia. "Hizo unazofagia kila siku?"

"Ndizo hizo, Mwalimu."

Akavaa miwani, akausogelea mti, akachukua kitumba kimoja kilichofumba akakinusa. Nikamwona akifikiria. Nadhani hakuna kitu kilichomuuma yule mama kama kusikia kuwa kuna wanafunzi waliokuwa tayari kila siku na yeye hakuwahi kuwaita.

"Arusi ya nani?"

"Ya binti yangu Mariamu."

"Anajua kusoma?"

"Ni nesi, Msambweni."

"Vizuri. Leteni vikapu."

Kesho yake alasiri walikuja wanawake, shangazi na mashoga, na Mwalimu akawapanga. Wafupi chini, warefu juu, mwenye simu aizime. Alipita nyuma yao mikono nyuma. "Huyu amefumbuka, mwache. Huyu bado. Wewe mwenye leso nyekundu, unavuta jani." Walikuwa wakicheka mpaka wanashindwa kuchuma, na wakatii. Kisha akaenda kwenye waridi lake pekee lililokuwa bado halijatoroka, lina ua moja lililokunjamana kwa chumvi. Akalikata mwenyewe kwa mkasi wangu, akalitia kikapuni. "Arubaini kwa mia," akamwambia Bi Mwanasha. "Lakini lifikishe kwa biarusi."

Ndipo Kamau akaingia na pikapu ya kubebea mizigo.

Alisimama langoni. Aliyaona makatoni barazani na akawaona wanawake, na mamake katikati yao bila sweta. Alikuja taratibu kama anayeogopa kukanyaga kitu.

"Mathe. Si tulisema Desemba?"

"Tulisema."

"Na mplamu?"

Mwalimu hakupepesa. "Ule pale. Umechanua."

Kamau akautazama ule mti mweupe pepepe kutoka chini mpaka juu. Akatazama kibao chini yake kilichoandikwa MPLAMU. Kisha akanigeukia, maana habari za zulia alikuwa amezisikia, nilimsimulia mimi mwenyewe kwa kujisifu.

"Bi Mwanamisi, wewe huwa hudanganyi mambo ya mimea. Huu ni mplamu?"

Wanawake wote waliacha kuchuma. Mwalimu, aliyenyoosha kidole kwa kila mtu tangu tujuane, alikuwa anaangalia chini, na mkononi ameshika kikapu cha Bi Mwanasha kwa nguvu kama kitanyang'anywa.

Nilimkumbuka Mzee Bakari na kofia zake mbili. Aniwie radhi huko aliko.

"Ni mplamu, baba," nikasema. "Ulichelewa kuzoea tu."

"Tena mplamu mzuri," akadakia Bi Mwanasha, aliyenikatia kile kipande cha mwasumini kwa mkono wake mwenyewe. "Mwaka mzima twausifu."

Kamau si mjinga. Alichuma kitumba, akakinusa, akatutazama mmoja mmoja, na mimi akanitazama zaidi. Mwisho akamuuliza mamake amsaidie nini. Akapewa kikapu na kusimamishwa nyuma, pamoja na warefu. Ile pikapu jioni ilibeba viti vya arusi, na yale makatoni nilimsaidia Mwalimu kuyafungua kesho yake, tukianza na la vya baba Kamau.

Hiyo ndiyo kazi, wanangu. Mikasi futeni, adhuhuri msimwagilie, na majina ya mimea msiyasingizie, kwa mtu yeyote, isipokuwa mahali pale pamoja tu. Mmoja wenu ndiye atakayechukua nafasi yangu kwa Mwalimu Nyambura. Ataamkuliwa kwa kukosolewa jembe, na alasiri atawakuta kina Bi Mwanasha wamekaa barazani wanasubiri chai ya Mwalimu. Ule mti ataukuta umefunikwa asumini tupu, na ndani yake kuni kavu. Kibao kipo chini, kila mwaka Mwalimu anakipaka rangi upya. Wageni wa Nairobi wakimuuliza ni mti gani, anawajibu. Tafadhali, msimsahihishe.